Kimya Kinachohesabiwa Kuwa Ndiyo: Niliyojifunza Kutokana na Krimu ya Bure ya Shangazi

Shangazi yangu ni mtu wa mahesabu. Kabla watoto wake hawajamleta hapa Columbus, Ohio, aliuza vitenge Mwanza kwa miaka mingi, na mpaka leo ukimtajia toleo fulani la kitenge atakwambia alilinunua Kariakoo kwa shilingi ngapi na akaliuza kwa shilingi ngapi. Kwa hiyo siku aliponivuta pembeni jikoni kwake na kusema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, benki inanila hela," sikumchukulia kama mzee aliyechanganywa na karatasi za Kizungu. Nilijua kuna hela inatoka kweli.

Tukazitandaza taarifa za akaunti yake mezani. Mistari mingi ilikuwa ile ile ya kila mwezi: umeme, simu, vyakula, hela aliyotuma nyumbani. Katikati yake kulikuwa na makato ya dola 89 na senti kadhaa, na mengine ya dola 84, siku zinazokaribiana, mwezi hadi mwezi. Majina ya waliokata hayakufanana na duka lolote tunalolijua. Yalikuwa vifupisho tu vikifuatwa na namba ya simu. Nikarudi nyuma mpaka yalikoanzia, na huko nikakuta makato mawili madogo ya siku moja: dola 4.95 na dola 3.95. Hapo nikaelewa tunashughulika na nini, maana hizo ndizo bei zinazotozwa kwa "kusafirishiwa" chupa ya bure.

"Shangazi, kuna kitu uliagiza mtandaoni?"

Alinyamaza kidogo. "Krimu. Lakini ile ilikuwa bure, mama. Nililipia posta tu."

Nataka nieleze jinsi mtego huu unavyotegwa, kwa sababu wengi wetu tukisikia mtu ameliwa hela mtandaoni tunawafikiria wale jamaa wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Huu ni mwingine. Hapa kuna duka, kuna bidhaa inayofika kweli mlangoni, kuna namba ya huduma kwa wateja na mtu anapokea, na kuna masharti yaliyoandikwa. Kilichofichwa ni bei peke yake.

Tangazo lilimkuta Facebook. Krimu ya kuondoa madoa usoni, pembeni picha ya mwanamama maarufu wa televisheni za hapa, ikielezwa kwamba ndiyo siri ya ngozi yake. Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, imeshawashtaki watu waliotumia sura na majina ya watu maarufu ambao hawajawahi hata kuigusa bidhaa yenyewe. Ukibonyeza tangazo, unaulizwa kwanza jina na anwani. Ukishajaza ndipo unapelekwa kwenye ukurasa wa kadi, ambako kuna saa inayohesabu kurudi nyuma na maneno kwamba chupa zilizobaki ni chache. Mpangilio huo umefikiriwa. Mtu akishaandika jina lake na mahali anapokaa, anajiona yuko katikati ya jambo, na aliye katikati hataki kuacha. Shangazi alimwita mjukuu wake wa darasa la sita amwandikie namba za kadi, kwa sababu zile tarakimu ni ndogo na saa ilikuwa inakimbia.

Usiku ule niliufungua ukurasa huo kwa simu yake, si kwa kompyuta yangu, ili nione alichokiona yeye. Kitufe cha kuagiza ni kikubwa, rangi ya machungwa. Maelezo ya bei yako chini ya kitufe hicho, kwa herufi ndogo za kijivu kwenye weupe, mahali ambapo kidole hakina sababu ya kufika. Redioni tumemzoea mtangazaji anayekimbiza "vigezo na masharti kuzingatiwa" mwishoni mwa tangazo. Walau yule unamsikia. Hapa hakuna sauti, na hakuna kinachokulazimisha ushuke ukasome.

Nilishuka nikasoma. Majaribio ni siku 14. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu siku ya kuagiza, si tangu siku ya kupokea, na mzigo wenyewe unaweza kuchukua wiki nzima njiani. Krimu inapofika, nusu ya muda imeshakwisha, na hakuna krimu ya ngozi inayoonyesha lolote kwa wiki moja. Siku ya 14 ikipita bila wewe kupiga simu, unatozwa bei kamili ya chupa ile ile uliyokwisha kutumiwa, na tangu hapo unaletewa nyingine kila siku 30 na kukatwa tena. Kuipeleka posta kwanza hakusaidii, kwa sababu lazima upewe namba maalumu ya kurudisha mzigo, na namba hiyo hutolewa na wao wenyewe kwa simu.

Na zile dola 3.95? Baada ya kubonyeza kuagiza, unaletewa ukurasa mwingine wenye kitufe kilichoandikwa kitu kama "maliza oda". Mtu yeyote mwenye akili timamu atakibonyeza, kwa kuwa anataka kumaliza oda. Kumbe kile kitufe ni cha kuagiza bidhaa ya pili, mafuta ya chini ya macho, yenye majaribio yake na makato yake ya kila mwezi. Katika kesi ambazo FTC ilifungua mwaka 2018 na 2019 dhidi ya wauzaji wa krimu na vidonge vya kupunguza uzito, mbinu hii ya kitufe cha pili imeelezwa waziwazi, pamoja na ile ya kuwa na utitiri wa kampuni za karatasi, ili malalamiko yakizidi upande mmoja biashara iendelee kwa jina jingine. Ndiyo maana majina kwenye taarifa ya shangazi hayakufanana na jina lililoandikwa kwenye chupa.

Biashara tuliyoizoea inangoja useme ndiyo. Mwenye duka anakuita, anakupunguzia, anakubembeleza, lakini mkono wako usipotoa hela, hela haitoki. Hii imegeuza utaratibu: inangoja usiseme kitu. Kimya chako kinahesabiwa kuwa ndiyo, mwezi huu, mwezi ujao na mwezi unaofuata. Na watu wana sababu nyingi sana za kunyamaza. Wanasahau, wana zamu za usiku, wameuguliwa, hawajui Kiingereza cha kubishana na mtu kwenye simu. Biashara hizi zinazijua sababu hizo zote na zinaishi kwazo.

Sababu kubwa kuliko zote niliiona usoni mwa shangazi, nayo ni aibu. Alikuwa ameyaona yale makato tangu mwezi wa kwanza. Mtu wa mahesabu angeyakosaje? Hakusema kwa sababu aliogopa wanawe wangemwambia simu haimfai, wangeichukua kadi, wangeanza kumpa hela mkononi kama mtoto. Ile ilikuwa akaunti yake ya kwanza Marekani kwa jina lake mwenyewe, na mshahara wake wa kufua na kupanga mashuka hotelini ulikuwa unaingia humo. Alipendelea kupoteza dola 170 kwa mwezi kuliko kupoteza heshima ya kushika hela yake. Niliumia sana. Na nilijua kwamba nikimkaripia, hata kwa upole, yeye na wengine wanaomsikiliza watajifunza jambo moja tu, kwamba mara nyingine wasiseme.

Kwa hiyo nilimwambia hivi: "Shangazi, watu wanaofanya kazi hii wana mawakili, wana wachoraji wa kurasa, na wanapima kitufe kikae wapi ili watu wengi zaidi wabonyeze. Hukushindwa na tangazo. Ulizungukwa." Akavuta kiti akakaa vizuri. "Haya, tuwapigie," akasema.

Tuliwapigia. Nilitafsiri, yeye akajibu. Msichana aliyepokea alikuwa na adabu sana, na nadhani naye ni mtu wa kutafuta riziki. Hakukataa kusitisha. Alisema tu kwamba kabla ya kusitisha angependa kutupa punguzo la nusu bei. Tulipokataa, akaja na punguzo kubwa zaidi. Tulipokataa tena, akasema anaweza kusimamisha kwa miezi miwili halafu tuamue. Kila ngazi ilikuwa na maelezo marefu, na mtu mpole angeona haya kuendelea kukataa. Shangazi, ambaye amepatana bei maisha yake yote, alinishika mkono. "Mwambie sitaki hata akinipa bure. Bure yao ndiyo iliyotufikisha hapa."

Nililobeba kwenye simu ile ni kwamba usipokee punguzo lolote. Ukipokea, umekiri kwamba usajili upo na unaukubali, na kesho benki wakiuliza, kampuni itakuwa na ushahidi wa kuonyesha. Sema neno moja, nasitisha, na ulirudie. Omba namba ya uthibitisho wa kusitisha. Omba barua pepe wakati bado uko kwenye simu, usikate mpaka uione imeingia. Kisha uliza kama kuna usajili mwingine wowote kwa jina hilo au kadi hiyo, kwa sababu ukisitisha krimu, mafuta ya macho yanaendelea kukatwa peke yake, na hawatakwambia usipouliza. Kurudishiwa hela walikataa, wakisema chupa zilipokelewa na muda umepita.

Siku iliyofuata tukaenda benki. Humo ndimo nilimojifunza mengi zaidi.

Shangazi alitaka kusema kwamba yeye hajawahi kuwajua kabisa hao watu. Ni jibu la haraka, na wengi hulitoa, lakini linaharibu kesi. Kadi aliitoa mwenyewe, na malipo ya dola 4.95 aliyakubali. Ukisema huwajui, benki itaifungua kama kesi ya wizi wa kadi, kampuni italeta jina lako, anwani yako na ushahidi kwamba mzigo ulifika kwako, na madai yatafungwa palepale. Ukweli una nguvu kuliko hapo: nilikubali dola 4.95, sikukubali dola 89, na bei hiyo haikuonyeshwa wazi kabla sijatoa kadi. Hayo ni madai ya aina nyingine, yana fomu yake, na ndiyo tuliyojaza. Tuliambatanisha picha za ukurasa nilizopiga kwa simu yake, zikionyesha kitufe kiko wapi na maandishi yako wapi, pamoja na barua pepe ya oda ambayo haikutaja popote kwamba kutakuwa na makato ya kila mwezi.

Kadi ya shangazi ilikuwa ya Visa, na tangu Aprili 2020 Visa ina kanuni kwa wafanyabiashara wanaotoa majaribio yanayogeuka kuwa usajili: wamtumie mteja ukumbusho angalau siku 7 kabla ya kuanza kumkata, na wampe njia rahisi ya kujiondoa mtandaoni. Mastercard ilitangulia, Aprili 2019, kwa bidhaa za kushikika kama krimu na vidonge. Kwa kanuni yake, majaribio yakiisha mfanyabiashara anatakiwa kupata idhini ya mteja kwanza ndipo akate. Nilimtajia mhudumu wa benki kanuni ya Visa na kumwonyesha kwamba barua pepe ya kukumbusha haipo. Aliandika. Ninaamini sentensi hiyo moja ilifanya kazi kubwa kuliko malalamiko yetu mengine yote.

Jambo jingine ni aina ya kadi. Kadi ya mkopo na kadi ya akaunti yako zinafanana kwa sura, lakini likitokea tatizo tofauti yake ni kubwa. Kwa kadi ya mkopo, hela inayogombewa ni ya benki, na sheria ya Marekani tangu 1974 inakupa siku 60 baada ya kutumiwa taarifa ya malipo uandike kupinga kosa lililomo, na wakati uchunguzi unaendelea hulazimiki kulipa kiasi hicho. Kwa kadi ya akaunti, hela ni yako na imeshatoka. Ya shangazi ilikuwa ya akaunti. Mwezi mmoja makato ya krimu yalitangulia ya umeme, akaunti ikaenda chini ya sifuri, na benki nayo ikamtoza faini ya dola 35. Hata hivyo kadi ya akaunti nayo ina haki zake: unaweza kuiagiza benki izuie malipo yanayojirudia, mradi uwaambie angalau siku tatu za kazi kabla ya tarehe ya kukatwa. Tulifanya hivyo siku ile ile, kwa maandishi.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi niliozungumza nao hawalijui. Shangazi alisema, "Basi tubadilishe kadi, yaishe." Kubadilisha kadi peke yake hakutoshi. Visa na Mastercard zina huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya ya kadi yako pindi ile ya zamani inapobadilishwa, ili usajili wako usikatike. Kwa mtu anayelipia kitu anachokitaka, hiyo ni huduma nzuri. Kwa aliyenaswa, makato yanamfuata kwenye kadi mpya kama vile hakufanya kitu. Lazima uiambie benki waziwazi kwamba huyu mfanyabiashara asipelekewe namba mpya, na malipo yake yazuiwe kwa jina lake.

Benki ilirudisha makato ya miezi ya karibuni ya bidhaa zote mbili, na ile faini ya dola 35. Ya mwezi wa kwanza haikurudi, kwa kuwa muda wa kupinga ulikuwa umepita. Hiyo ndiyo bei ya aibu niliyokuwa naisema.

Kuhusu sheria sitaongea sana, ila nitasema kinachoniudhi. Tangu 2010 Marekani ina sheria inayomtaka muuzaji wa mtandaoni aeleze masharti wazi kabla ya kuchukua namba ya kadi, apate ridhaa ya kweli, na aweke njia rahisi ya kujitoa. Ni sheria nzuri na imetumika. Mwaka 2024 malalamiko ya usajili wa namna hii yaliyofika FTC yalikaribia 70 kwa siku, wakati mwaka 2021 yalikuwa 42. Oktoba 2024 FTC ikapitisha kanuni kwamba kujitoa kuwe rahisi kama kulivyokuwa kujiunga. Julai 2025, siku chache kabla ya kanuni hiyo kuanza kutumika kikamilifu, mahakama ya rufaa ikaifuta kwa sababu ya hatua moja ya utaratibu ambayo tume iliiruka. Wajerumani wao, tangu tarehe 1 Julai 2022, wana sheria inayomlazimu muuzaji wa usajili aweke kwenye tovuti yake kitufe cha kusitisha mkataba. Kitufe tu. Kumbe linawezekana.

Wala tusidhani ni vikampuni vya krimu peke yake. Septemba 2025 Amazon ilikubali kulipa dola bilioni 2.5 kumaliza kesi ya FTC kuhusu usajili wake wa Prime, bilioni 1.5 kati ya hizo ni za kuwarudishia wateja. Katika hati ya mashtaka, FTC ilieleza kwamba mtu aliyetaka kujitoa alipitishwa kurasa nne, mibonyezo sita na machaguo kumi na matano. Nilimsomea shangazi habari hiyo. Hakusema kitu, lakini siku ile ile aliwapigia wanawe na kuwaeleza mwenyewe yote yaliyompata.

Nyumbani jambo hili si geni, limebadilisha nguo tu. Nani kati yetu hajawahi kukuta salio limekatwa kwa huduma ya dondoo za afya, mistari ya dini au matokeo ya mpira ambayo hakumbuki kujiunga nayo, mpaka atume neno la kujiondoa? Tofauti ya sasa ni kwamba kadi za kulipia mtandaoni zimeingia kwenye simu. Kenya, tangu 2022, mwenye M-Pesa anaweza kutengeneza kadi ya Visa isiyo na plastiki na kulipia chochote duniani, na Tanzania nako kadi za namna hiyo zipo. Ni jambo jema, limewafungulia vijana milango. Mdogo wangu aliye Mwanza anahariri video za harusi, na kwa kadi hiyo alijiunga na programu ya kuhariri iliyotoa siku 7 za bure. Hakuipenda, akaifuta kwenye simu. Siku zilipoisha akakatwa malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo, maana majaribio yale yalikuwa yamefungwa kwenye mpango wa mwaka, si wa mwezi.

"Dada, mbona niliifuta?" aliniuliza.

Kufuta programu kwenye simu hakufuti usajili. Ningekuwa na uwezo ningeliandika hilo kwenye kila kibanda cha simu. Programu iko kwenye simu yako, usajili uko kwenye akaunti yako ya Google au ya Apple. Kwenye Android unafungua Play Store, unabonyeza picha yako juu, unaingia sehemu ya malipo na usajili, na huko utauona ukiwa hai ingawa programu haipo tena. Kwenye iPhone unaingia kwenye mipangilio, unabonyeza jina lako, halafu usajili. Na Apple wanataka usitishe angalau siku moja kabla majaribio hayajaisha. Ukikatwa, omba hela irudi mapema. Google hupokea maombi ya namna hiyo ndani ya saa 48, na baada ya hapo hukuelekeza kwa mtengeneza programu. Mdogo wangu aliniandikia jioni ile ile, akaomba usiku huo huo, na wakamrudishia. Laiti shangazi naye angekuwa na mtu wa kumwandikia jioni ile ile.

Siku hizi nina mazoea yangu, na nimewaambia wote walio karibu nami. Nikijiunga na majaribio ninayoyataka, nayasitisha siku hiyo hiyo niliyojiunga. Huduma nyingi zinakuacha uendelee kutumia mpaka siku ya mwisho. Chache zinakata papo hapo, na kwa hizo naandika tarehe kwenye simu, siku mbili kabla. Kadi ninayotumia si ile inayopokea mshahara. Walio nyumbani nawaambia kadi ya kwenye simu ibaki na kiasi cha unachonunua leo tu, kwa sababu makato yakikuta sifuri yanagonga mwamba. Kabla ya kutoa namba ya kadi natafuta majibu matatu: nitakatwa kiasi gani, lini, na najitoaje. Nikikosa hata moja, nafunga ukurasa. Na bidhaa ya kushikika, chupa au kopo, inayosema ni bure lakini inataka kadi kwa ajili ya posta, siigusi kabisa. Kwa hilo sina uvumilivu. Mwenye krimu nzuri anaiuza.

Shangazi alifanya jambo ambalo mimi nisingethubutu kumwomba. Katika kikundi chetu cha akina mama hapa Columbus, wapo Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania, alisimama akaeleza yote, pamoja na kiasi alichopoteza. Alieleza kwa utulivu wa mtu anayesoma daftari la duka. Alipokaa, mama mmoja wa Goma akasema yeye anakatwa kwa vidonge vya kupunguza tumbo na alidhani ni bima. Mwingine akatoa simu. Tangu hapo, kila tunapokutana, mwenye taarifa ya akaunti asiyoielewa anakuja nayo, na tunaipitia mstari kwa mstari. Anayejua Kiingereza anapiga simu, anayejua mahesabu anajumlisha, na shangazi ndiye anayekaa karibu na mpigaji kuhakikisha hakuna punguzo linalopokelewa.

Tumepeleka malalamiko ya ile krimu kwenye ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Ohio, inayopokea madai ya wateja bila malipo, na kwenye tovuti ya FTC. Yale ya FTC hayarudishi hela ya mtu mmoja mmoja, lakini ndiyo yanayokusanywa mpaka yanakuwa kesi. Tuliyajaza yote mawili kwa jina la shangazi, kwa idhini yake, na sehemu ya kueleza kilichotokea aliitamka yeye kwa Kiswahili, mimi nikaandika. Mkutano uliopita mama mmoja wa Bujumbura alileta makato ya programu ya kujifunza Kiingereza ambayo mwanawe alishaifuta kwenye simu. Tukaukuta usajili ukiwa hai, tukausitisha, tukapiga picha ya ukurasa wa uthibitisho, na ombi la kurudishiwa mwezi wa mwisho likatumwa pale pale. Jibu tunalingoja.